Pongezi kwa Wadarizi wa Kofia za Viua

Wadarizi wa kofia za viua katika mwambao wa Kilwa na Lindi wanastahili heshima ileile wanayopewa mafundi wa nakshi za milango, kwa kuwa kazi yao, ingawa huishia kichwani mwa mvaaji siku ya Ijumaa au ya Idi, hutegemea hesabu isiyovumilia makosa. Kofia hiyo ina duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa, navyo hushonwa kwa tabaka mbili za kitambaa cheupe, kisha hutobolewa viua, yaani vitundu vidogo ambavyo kingo zake huzungushiwa uzi kwa sindano hadi zikakamae. Kabla ya sindano huja mchoro, na hapo ndipo ubingwa ulipo. Ukanda wa sentimita 56 hupokea ua la sentimita 7 mara 8 kamili. Ukiongezwa sentimita 2 kwa ajili ya kichwa kikubwa, mchoraji hulazimika kutanua kila ua kwa milimita 2.5, la sivyo ua la mwisho litakatika kwenye mshono, na kasoro hiyo haifichiki.

Ufundi wa uzi ni wa kale hapa: uchimbuaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick huko Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 ulifukua vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea pamba. Cherehani, ambayo siku hizi hudarizi kofia nyingi kwa muda mfupi, imeshusha bei, jambo jema kwa mnunuzi, lakini nayo hufuata tu mstari uliokwisha kupangwa na mtu.