Maandishi ya Ngozini

Kila andishi lahitaji msomaji, na kila msomaji ana haki ya kuuliza andishi hilo lina thamani gani. Shairi hupimwa kwa mizani na maana yake, barua kwa ukweli wake, na kanga kwa jina lake. Siku hizi liko andishi jingine linalostahili kupimwa, nalo ni tojo la Kikristo: msalaba, jina la Yesu, au aya ya Biblia iliyotiwa mwilini kwa sindano na wino. Vijana huliita tatuu. Wanaolipenda husema kwamba tojo hili huanzisha mazungumzo ya imani kati ya watu wasiojuana. Njoo, msomaji, tulipime dai hilo katika mji wa Voi na vilima vya Taita.

Mwili wa binadamu ulisomwa katika nchi hii kabla ya vitabu kufika. Wataita wa kale walichonga meno, wakatoga masikio mpaka ndewe zikapanuka, na aliyezijua mila zao hakuhitaji kuelezwa. Mwaka 1847 mmisionari Johannes Rebmann alifika Kasigau, na mwaka 1883 J. A. Wray akaanza kazi ya misheni katika mlima Sagalla, uonekanao kutoka mjini Voi. Katika miaka iliyofuata, kanisa na shule viliwafundisha watu kuitafuta imani katika kurasa za kitabu. Chale zikabaki katika fikira za wengi kuwa kazi ya mganga, atiaye dawa mwilini kwa wembe.

Kwingineko mambo yalikwenda njia nyingine. Huko Misri Wakristo wa Kikopti, ambao ni wachache kati ya Waislamu wengi, huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono. Huko Ethiopia wako wanawake wenye msalaba katika paji la uso. Mahujaji waliofika Yerusalemu nao walichorwa alama ya safari yao. Mwaka 1862 alichorwa hata mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kutawala Uingereza kwa jina la Edward VII. Alama hizo hujisemea zenyewe, kwa kuwa jamii nzima imefundishwa kuzisoma.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Fikiri kijana ameketi katika matatu itokayo Voi kwenda Wundanyi, na mkono wake una tarakimu za sura na aya. Mama aliyeketi kando yake amwuliza, "Mwanangu, chale hizo ulichanjwa kwa ugonjwa gani?" Kijana ajibu, "Si za dawa, mama. Ni aya ya Biblia." Naye mama asema, "Basi nisomee, uniambie imekufaa nini." Mpaka hapo tojo limekwisha kazi yake, na kazi ya kijana ndiyo kwanza yaanza. Akiijua aya ile na kuweza kueleza ilivyomwongoza, mazungumzo ya kweli yamezaliwa. Akinyamaza, mama atashuka Mwatate akiamini kwamba imani ni pambo, na kosa hilo halitakuwa lake.

Huenda pia mama huyo akajibu kwa Maandiko, kwa maana kitabu cha Walawi, sura ya 19, chakataza alama mwilini. Kijana naye aweza kuutaja waraka wa Paulo kwa Wagalatia, sura ya 6, unaosema juu ya chapa za Yesu. Wote wawili yawapasa kusoma kwa uangalifu. Katazo la Walawi limewekwa pamoja na kujikata kwa ajili ya wafu, na chapa za Paulo hufahamika kuwa makovu ya mateso aliyopata kwa kuhubiri. Wakisaidiana kuyapima hayo bila hasira, safari yao fupi itakuwa na faida kuliko hotuba ndefu.

Basi hukumu yangu ni hii. Tojo lililo bora ni lile linaloacha nafasi ya swali. Tarakimu za aya huita swali. Aya nzima yenye herufi kubwa husema yote na kumfanya msomaji mtu wa kuhubiriwa tu. Hata hivyo, tojo ni andishi lenye kasoro moja kubwa: halisahihishwi kwa urahisi. Kanga huvuliwa na barua huchanwa, lakini wino wa ngozini hukaa na mtu hata fikira zake zikibadilika. Tena sindano iliyotumiwa na mwingine yaweza kuleta UKIMWI au homa ya ini.

Wewe uliye shuleni, huna haja ya kuliharakia tojo. Jizoeze kwanza kujibu swali la yule mama, ukiwa na mikono mitupu. Simulia aya moja uipendayo kwa mtu asiyekuwa wa dini yako, kisha umsikilize naye akieleza ya kwake. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiweza hilo, umekwisha pata kile ambacho tojo husifiwa kwacho. Na usipoliweza, wino hautakusemea.