Gharama ya Kufa: Jinsi ya Kupima Ugumu wa Gemu za Ulimwengu Wazi

Katika gemu za ulimwengu wazi, mchezaji ndiye anayeamua aelekee wapi, lini, na akiwa amebeba silaha gani. Uhuru huo ndio unaovuruga mizani ya ugumu. Kwenye gemu ya mpira wachezaji wote hukabili goli la ukubwa mmoja. Hapa adui yule yule humtoa jasho aliyemkimbilia mapema, ilhali aliyezunguka kwanza akajiimarisha humpita kama hakuwapo. Kwa hiyo ugumu hupimwa kwa vipande vitatu: ustadi wa vidole, ujuzi wa ramani na kanuni zake, na hasara inayompata mchezaji anaposhindwa. Mabishano mengi huishia kwenye kipande cha kwanza, na cha tatu ndicho chenye uzito.

Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotengenezwa na Rockstar North na kutolewa Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, haina mahali pa kuchagua rahisi, wastani au ngumu. Kusevu hufanyika ndani ya nyumba maalumu tu, tena nje ya misheni. Akifa, CJ, mhusika anayeongozwa na mchezaji, huamkia hospitalini akiwa hana silaha na ametozwa ada. Akikamatwa, hutoka kituo cha polisi mikono mitupu. Misheni iliyoshindikana huanza upya kabisa, pamoja na safari ya kurudi kwa aliyeitoa.

Misheni ya treni, Wrong Side of the Tracks, yafaa kutazamwa kwa karibu. CJ humchukua rafiki yake Big Smoke nyumbani kwake Idlewood, wakaenda hadi stesheni ya Unity, kisha wakaifukuza treni kwa pikipiki huku Smoke akiwafyatulia risasi vijana wa genge la Vagos waliosimama juu ya mabehewa. Mchezaji mgeni huibana treni akidhani ukaribu ndio shabaha. Kumbe akiwa karibu mno, risasi huishia ubavuni mwa behewa, maana walengwa wako juu. Akisogea kando kidogo, pembe hufunguka nao huanguka mmoja baada ya mwingine. Hapo vidole havijafanya la ajabu. Kilichokuwa kimekosekana ni maarifa. Lakini kila kosa hulipiwa kwa kurudi hadi kwa Smoke, kuendesha tena hadi stesheni na kuanza kufukuza upya. Juu ya hayo Smoke humlaumu dereva, ilhali mpiga risasi ni yeye mwenyewe.

Ndani ya gemu hiyo hiyo iko shule ya marubani ya Verdant Meadows, ambayo lazima ipitwe ili hadithi iendelee. Ina masomo kumi, na kwa vidole ni ngumu kuliko treni: kupaa, kutua, kuzungusha ndege kichwa chini, kuruka kwa parachuti na kutua penye alama. Hata hivyo anayeanguka hurudia somo papo hapo, bila barabara ya kurudia wala silaha za kupoteza. Ugumu ni mkubwa, hasara ni ndogo. Anayezipanga misheni za San Andreas kwa ustadi peke yake ataiweka shule juu ya treni. Akizipanga kwa muda unaopotea, mpangilio utageuka.

Hesabu hiyo hubadilika zaidi gemu inapoingia chumba cha gemu cha kulipia. Webuye nchini Kenya, pale barabara ya Kitale inapoachana na ile ya kutoka Eldoret kwenda Malaba, ni mji wa aina ambayo mashine moja huchezewa na wengi: mteja hulipa kwa mechi au kwa dakika, na mpira ndio unaotawala skrini. PlayStation 2 huhifadhi mchezo kwenye memori kadi ya megabaiti 8. Pasipo kadi, au kadi ikiwa ni ya wateja wote na kila mmoja anafuta ya mwenzake, CJ huanza upya kila siku na baiskeli ile ile kichochoroni. Stima ikipotea kabla ya kusevu, mambo ni hayo hayo. Katika hali hiyo shule ya marubani, iliyo mbali sana ndani ya hadithi, si ngumu wala rahisi, haifikiki.

Ndipo chiti, yaani mfululizo wa siri wa vitufe vya kubonyeza, zinapopata maana. R1, R2, L1, X, kisha kushoto, chini, kulia, juu, na mishale hiyo minne tena: mchezaji hupata afya kamili, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Mwenye mashine yake nyumbani anaweza kuziita udanganyifu. Kwa anayelipa kwa dakika, chiti ni fidia ya kumbukumbu ambayo mashine haina.

Grand Theft Auto V ya Septemba 2013 iliondoa sehemu kubwa ya hasara hiyo. Misheni zina vituo vya katikati. Anayeshindwa huanzia kile cha mwisho alichopita, na akishindwa mara tatu mahali pamoja huruhusiwa kuiruka sehemu hiyo. Maadui bado hufyatua risasi kwa wingi. Ila ni vigumu kuiita gemu ngumu ikiwa inamsindikiza mchezaji hadi mlango wa pili.

Elden Ring ya FromSoftware, iliyotoka Februari 2022, husifiwa na kuogopwa kuwa ngumu kupindukia. Nayo haina kiwango cha kuchagua. Mara tu mchezaji anapotoka nje, hukutana na Tree Sentinel, askari wa dhahabu juu ya farasi, ambaye mgeni hamwezi. Funzo lake ni kwamba njia ya kupita pembeni ipo. Bosi Margit, anayelinda ngome ya Stormveil, ni vivyo hivyo: aliyemfuata moja kwa moja hupigwa mara kadhaa, aliyekwenda kwanza kusini Weeping Peninsula akaongeza leveli na kunoa silaha hupigana pambano jingine. Nguvu za maadui zimewekwa kwa eneo, hazimfuati mchezaji. Akifa, runi zake, ambazo ndizo hununulia leveli, hubaki alipofia. Akifa tena kabla ya kuziokota, zimekwenda. Hilo huuma, lakini karibu na mabosi wengi kuna mahali pa kufufukia, na gemu hujisevu yenyewe muda wote. Kwa vidole, Elden Ring iko mbele ya San Andreas kwa mbali. Kwa hasara ya muda, treni ya Big Smoke huuma zaidi.

Wapo watengenezaji waliochukua njia tofauti. Oblivion ya 2006 iliwakuza maadui pamoja na mchezaji, hata majambazi wa barabarani wakaanza kuvaa deraya za thamani kubwa. Matokeo yake kujiimarisha kulipoteza faida, na lawama zilikuwa za haki. Breath of the Wild ya 2017 huhesabu kwa siri maadui waliouawa na kuleta wakali zaidi taratibu. Mbinu hiyo inafanya kazi kwa sababu mchezaji haoni uzi unaovuta. Far Cry 2 ya 2008, iliyowekwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, iliweka ugumu safarini: bunduki hukwama kwa kutu, vizuizi vya barabarani hujaa walinzi tena mchezaji akiondoka kidogo, na malaria humshika asipopata vidonge. Walinzi wanaofufuka waliwachosha wachezaji kuliko malaria.

Hata gemu zenye viwango vya kuchagua hazilingani. Kiwango cha juu huweza kumwongezea adui uhai tu, na pambano likarefuka bila kuwa gumu. Kiwango cha Lethal cha Ghost of Tsushima, kilichoongezwa mwaka 2020 baada ya gemu kutoka, huongeza makali ya pande zote mbili, hivyo pambano hufupika na kosa hugharimu. Huo ndio ugumu uliofanyiwa kazi.

Anayetaka kulinganisha gemu mbili na ataje basi mashine aliyotumia, kiwango alichochagua na kama alikuwa na kadi, kisha apime kwa saa muda wa kutoka kifo hadi kurudi pale alipofia. Bila vipimo hivyo, neno gumu halilinganishi chochote.