Fomu Iliyotengwa na Programu

Katika nchi ya Ipole, kusini ya Tabora kwenye njia iendayo Mpanda, ambako miombo yaenea mwendo wa siku nyingi, na si mbali na Ugunda ambako mwaka 1871 Henry Stanley aliupitisha msafara wake wa Ujiji ili kuviepuka vita vya mtemi Mirambo, kazi ya kuandika yanayoonekana porini ni kongwe na mashaka yake hayajabadilika: karatasi hulowa, hati haisomeki, na habari hufika mjini imekwisha kuchacha. Leo vijiji vya hapo vina hifadhi yao ya jamii ya wanyamapori, na askari wa vijiji wanaozunguka humo wanahitaji kuandika nyayo za tembo, visiki vya mininga iliyokatwa, na mizinga ya nyuki iliyovunjwa. Chombo cha mkononi kiwezacho kufanya kazi hiyo pasipo umeme wa kutegemewa wala mtandao hakikupatikana kwa sudi. Kilitokana na uamuzi mmoja wa watungaji wake, nao ni kuitenga fomu na programu.

Kabla ya uamuzi huo mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2004, katika wilaya 5 za kusini mwa Tanzania, wahojaji ambao wengi wao hawakuwa na ujuzi wa kompyuta waliandika habari za kaya zaidi ya elfu 20 kwa vyombo vya mkononi vya Palm vyenye programu iitwayo Pendragon Forms, na takwimu zikawa tayari kwa uchambuzi katika muda wa saa 24 baada ya kazi kwisha. Vyombo vya namna ile vilikuwa na kumbukumbu inayoishi kwa betri, hivi kwamba betri ikifa kabisa majibu hufa nayo, na kunakili kila jioni ikawa faradhi. Aliyetaka kuvitungia programu tangu mwanzo aghalabu alitumia lugha ya C, akajigawia kumbukumbu mwenyewe baiti kwa baiti. Pendragon ilimwondolea mtafiti taabu hiyo, walakini fomu zake zilibaki mateka wa kampuni moja.

Ndipo ikaja Java ya simu ndogo, iliyoahidi kwamba programu ikiandikwa mara moja itakimbia katika simu zote, ahadi ambayo haikutimia, maadamu kila aina ya simu ilikuwa na kioo chake, vitufe vyake na kasoro zake. Hata hivyo, katika lugha hiyo ilizaliwa JavaRosa, mtambo huria wa kusoma fomu zilizoandikwa kwa kanuni ya XForms, na juu yake ikajengwa CommCare, iliyojaribiwa Dar es Salaam mnamo 2008 na wahudumu wanaozuru wagonjwa majumbani. Tangu hapo maswali yakawa waraka peke yake, na programu ikawa msomaji wake tu. Mwaka huohuo, Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington na wanafunzi wake Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette walianzisha Open Data Kit kwa ajili ya Android, wakaichukua JavaRosa, wakaiongezea kamera na kipokezi cha setilaiti. Taasisi ya Jane Goodall iliipeleka zana hiyo kwa walinzi wa misitu ya vijiji mkoani Kigoma, katika miombo iliyo jirani na hii ya Tabora.

Tuseme sasa kwamba katibu wa doria wa Ipole ataka fomu yake. Hafungui msimbo wowote. Anafungua jedwali la Excel, na katika kila mstari anaandika aina ya swali, jina lake la ndani, na maneno yatakayosomwa kwa Kiswahili. Safu moja yasema swali la idadi liulizwe tu iwapo jibu lililotangulia ni tembo, na nyingine yakataa idadi iliyo chini ya 1. Programu ndogo ya Python iitwayo pyxform huligeuza jedwali hilo kuwa XForms, simu hulipokea, na askari akiwa porini hujaza, hupiga picha, huchukua mahali alipo kutoka setilaiti, na yote hukaa simuni hadi afike penye mtandao. Google ilipoitangaza Kotlin mwaka 2019 kuwa lugha inayopendelewa kwa Android, wahandisi wakaanza kuzihamishia humo sehemu za programu, na mwenye jedwali hakulazimika kubadili hata nukta.

Uhuru huu una gharama, na yafaa isemwe kwa insafu. Jedwali lililojaa masharti yaliyofumwa ndani ya masharti huwa gumu kuliko msimbo safi, na anayebadili jina la ndani la swali katikati ya msimu hupata safu mbili zisizooana. Lakini pana safu moja ambayo watumiaji wengi huisahau, nayo ni ya sauti: kila swali laweza kupewa rekodi yake, na mrina asali mzee asiyesoma, aliyezoea Kinyamwezi, akasikia akiulizwa kwa lugha yake ni mizinga mingapi imeharibiwa, bila mstari mmoja wa Java kuguswa.