Steven Kanumba: Mwigizaji wa Kiswahili, Majina ya Kiingereza

Miongoni mwa vitu vilivyowafundisha vijana wa nchi zetu Kiswahili, vipo ambavyo hakuna wizara iliyoviagiza wala kamati ya mitaala iliyovipitisha. Filamu za Steven Kanumba ni za mbele katika hivyo. Zilivuka mipaka ya Tanzania katika mifuko ya wachuuzi, zikafika Bujumbura, Bukavu, Goma na Kigali, na mwanafunzi ambaye hajapata kufungua kitabu cha sarufi akaja darasani akijua kuomba radhi, kuposa, kutukana na kuomboleza kwa lugha ya Dar es Salaam. Sisi walimu tumezoea kuzidharau filamu hizi, au kuzitaja kwa kicheko. Twaona kwamba wakati umefika wa kuzihakiki kama kazi nyingine yoyote ya sanaa.

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alianza kujulikana mwaka 2002 na iliyofuata, alipokuwa katika kundi la Kaole, ambalo michezo yake ya kuigiza ilionyeshwa na kituo cha televisheni cha ITV. Hapana budi kukitazama kwa makini kipindi hicho, kwa maana ndicho kilichomlea. Katika makundi ya namna hiyo, kwa desturi, mwigizaji hakupewa maneno ya kukariri. Alipewa kisa kwa muhtasari, akaambiwa wewe ni nani, unataka nini na mwenzio anakuficha nini. Maneno akajitungia mwenyewe mbele ya kamera. Desturi hiyo iliingia katika filamu za video zilizofuata, na yaeleza mengi ambayo wahakiki huyalaumu bila ya kuyatafutia chanzo. Mazungumzo hurudiwarudiwa, jambo la neno moja husemwa kwa matano, na ugomvi wa mume na mke hauishi mpaka wote wawili wamechoka. Lakini ni desturi hiyo hiyo iliyoyafanya mazungumzo hayo yawe hai. Mtu husita, hukatiza usemi wa mwenziwe, huanza sentensi akaiacha njiani. Vitabu vyetu vya kiada vimejaa watu wanaoamkiana kwa sentensi kamili na kuagana kwa sentensi kamili, na mwanafunzi aliyelelewa na vitabu hivyo hupotea siku ya kwanza anaposimama sokoni.

Kuhusu uigizaji wenyewe, maoni yetu ni kwamba Kanumba alikuwa bora zaidi alipokuwa kimya. Umbo lake lilikuwa la mtu wa kutazamwa, na watayarishaji walilitumia hivyo kupita kiasi: nyumba za fahari, suti, na motokaa ambayo huingia getini polepole mpaka mtazamaji akasahau kisa. Katika hasira alipiga kelele kuliko ilivyohitajika. Mpe, hata hivyo, nafasi ya kumsikiliza mwingine, nawe utaona uso unaopokea neno, unaolipima, kisha unaumia. Machozi yake yalisifiwa sana na mashabiki. Sisi twayasifu kidogo, twausifu zaidi ule muda uliotangulia machozi. Aidha, matamshi yake yalikuwa wazi. Hakuyameza maneno, na kwa mtu anayejifunza lugha ugenini hiyo si sifa ndogo.

Katika Uncle JJ, ambamo anaigiza mjomba aliyeachiwa watoto, alijishusha hadhi kwa hiari yake. Shujaa wa mapenzi aligeuka mtu anayezidiwa akili na watoto, na kichekesho kikatoka katika tofauti hiyo. Tungetamani angalifanya hivyo mara nyingi zaidi.

Sasa tuingie katika jambo linalotuhusu sisi walimu. Michezo ya Kaole ilikuwa na majina kama Jahazi na Dira. Filamu zilizompa Kanumba umaarufu zaitwa Dar to Lagos, She Is My Sister, The Shock, This Is It, Deception, Devil Kingdom. Ndani yake watu husema Kiswahili. Nje, juu ya jalada, Kiswahili hakipo. Na chini ya picha hupita tafsiri za Kiingereza ambazo katika filamu nyingi za wakati ule zilikuwa na makosa ya kuhuzunisha.

Ni rahisi kusema kuwa hii ni kasumba, tukafunga mjadala. Hatukubali. Kanumba alikuwa na hoja, ingawa aliionyesha kwa matendo kuliko kwa maelezo. Filamu za Nijeria zilikuwa zimeijaza Afrika Mashariki, nazo zilisema Kiingereza. Yeye aliwafuata waigizaji wa huko akacheza nao: Mercy Johnson katika Dar to Lagos, Nkiru Sylvanus katika She Is My Sister, na miaka michache baadaye Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Alitaka bara zima limtazame, naye aliamini kwamba jina la Kiingereza ndiyo nauli ya safari hiyo. Imani hiyo ndiyo tunayoipinga. Watazamaji waliompenda zaidi nje ya Tanzania, yaani sisi huku, hatukuvutwa na jina la jaladani. Tulivutwa na usemi. Filamu za kigeni huhitaji mkalimani: Kampala wapo wale wanaosimulia juu ya picha kwa Kiganda, Kigali wapo wa Kinyarwanda, na Dar es Salaam yenyewe alikuwapo Lufufu aliyezisimulia kwa Kiswahili. Katika mtaa kama Buyenzi, Bujumbura, filamu ya Kanumba haikuhitaji mtu wa kuifasiri. Iliingia na ulimi wake wenyewe. Mwigizaji huyu alikuwa na soko lililomwelewa pasipo tafsiri, kisha akalipa kisogo juu ya jalada ili alikonyeze soko jingine.

Gharama ya imani hiyo ilimrudia yeye mwenyewe. Mwaka 2009 alialikwa katika nyumba ya Big Brother Africa, Afrika Kusini. Kiingereza chake hakikuwa cha ufasaha, na baadhi ya watu wa nchi yake walimcheka kwa miezi. Tulipoyasikia hayo huku jirani tulistaajabu. Taifa ambalo sisi hulitaja mbele ya wanafunzi wetu kuwa ndilo kitovu cha Kiswahili lilikuwa likimdhihaki msanii wake mkuu kwa kukosa lugha ya watu wengine, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama wale waliokuwa naye katika nyumba ile walijua neno moja la lugha yake. Waliomcheka walikuwa wamejifunza, kama yeye, kwamba ukubwa una lugha yake na lugha hiyo si hii yetu. Tofauti ni kwamba yeye alithubutu kwenda.

Katika miezi ya mwisho kazi zake zaonyesha dalili nyingine. Ipo Kijiji cha Tambua Haki, na ipo Ndoa Yangu, iliyotoka baada ya yeye kufariki. Hatusemi kwamba alikuwa ameongoka, maana majina ya Kiingereza hayakukoma. Lakini jina kama Kijiji cha Tambua Haki lingeweza kuwekwa juu ya tamthilia ya miaka ya sabini, na hakuna ambaye angeshangaa.

Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, akiwa na umri wa miaka 28. Juu ya kifo chenyewe Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwezi Novemba 2017, nasi hatuna la kuongeza. Aliagwa viwanja vya Leaders na maelfu ya watu, Makamu wa Rais akiwapo, akazikwa makaburi ya Kinondoni. Hakuna mshairi wala mwandishi wa Kiswahili wa kizazi chake aliyeombolezwa kiasi hicho, na jambo hilo lafaa kuwafikirisha wale wanaodhani kwamba lugha hukuzwa na vitabu peke yake.

Kwa walimu watakaopenda kuzitumia kazi zake, twashauri wasianze na filamu nzima, kwa kuwa ni ndefu na zina sehemu zisizofaa watoto. Chagueni onyesho moja la mazungumzo la dakika tatu au nne, lisikilizwe mara mbili, kisha wanafunzi wayaandike waliyoyasikia jinsi yalivyosemwa, pamoja na kusita na kukatizana kwake. Zoezi la pili ni kuyarudisha majina nyumbani. The Shock halina taabu, ni Mshtuko. Deception huleta ubishi: wapo watakaosema Udanganyifu, wengine Hila, na aliyesoma mashairi ya kale atadai Hadaa. Kwa Devil Kingdom tengeni kipindi kizima, maana wakishamaliza kubishana kama ni Shetani au Ibilisi, bado watakuwa hawajaamua kama ana ufalme, milki au dola.