Nanga ya Kamba ya Juu: Kazi Huanzia Mbali na Ukingo

Wakazi wengi wa Toronto wanaopanda miamba huanzia Rattlesnake Point, karibu na Milton, chini ya saa moja kwa gari kama hakuna foleni. Magenge yake ya dolomiti ni sehemu ya ukingo mrefu wa Niagara, na juu yake hufikika kwa miguu. Kwa hiyo mtu huzunguka hadi juu, akafunga nanga na kupitisha kamba: ncha moja kwa mpandaji, nyingine kwa mwenzake wa chini anayevuta ulegevu.

Uamuzi mzito ni mti wa kufungia. Mierezi ya ukingoni inashawishi kwa kuwa iko karibu, lakini iachwe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Doug Larson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph waligundua kwamba mierezi ya magenge haya, hata yenye mashina membamba, ina mamia ya miaka, na mingine imepita 1,000. Kamba huichubua magome. Tena mizizi yake imejipenyeza kwenye nyufa, na uimara wake haupimiki kwa macho. Afadhali kurudi nyuma msituni, kuchagua miti miwili mibichi, minene, yenye mizizi ndani ya udongo, kisha kuileta nguvu yake ukingoni kwa kamba ndefu isiyovutika.

Mpandaji wa kilo 75 akining'inia, nanga haibebi kilo 75 tu. Mwenzake naye anavuta kutoka chini, hivyo mzigo hukaribia mara mbili, ukipungua kidogo kwa msuguano. Pembe kati ya mikono miwili ya nanga, yaani kamba zinazotoka kwenye kila mti, ndiyo huamua kila mti unabeba kiasi gani. Kwa nyuzi 60, kila mkono hubeba takriban asilimia 58 ya mzigo. Kwa nyuzi 120, kila mmoja hubeba mzigo wote, kana kwamba mkono wa pili haupo. Miti ikiachana sana, refusha mikono mpaka pembe ipungue.

Mikono ikutane kwenye fundo moja kubwa, lililokazwa wakati kamba zimevutwa kuelekea njia ya kupandia. Fundo lining'inie chini ya ukingo, ili kamba ya mpandaji isisage jiwe. Mikono inapogusa ukingo, iwekewe zulia nene au ala. Chini ya fundo ziwe karabina mbili za kufunga kwa skrubu, milango ikitazama pande tofauti. Kisha jiulize: mkono mmoja ukikatika, wa pili utashika bila mpandaji kuporomoka kwanza? Kama sivyo, fungua uanze upya.

Na wewe unayefunga nanga hiyo, jifunge kwanza kwenye mti kabla hujasogelea ukingo. Mara ya kwanza, nenda na mtu aliyefunzwa akague kila fundo.