Uwanja Mmoja, Ngoma Mbili

Pamba ikishauzwa na jua la Juni na Julai likaukausha uwanja, Usukumani huwa ni msimu wa mbina. Huku Bariadi, kama ilivyo Maswa na Magu, ngoma ina pande mbili: Wagika na Wagalu. Simulizi zinawataja waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi. Ubishi ukapelekwa uwanjani, na watazamaji wakawa mahakimu.

Kanuni yao naipenda kwa ukali wake. Hawapokezani. Vikundi vyote viwili vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja na upande wake wa uwanja. Ukichoshwa na huku, unavuka kwenda kule, na jioni mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, anaimba huku jicho likiwa kwenye migongo ya watu. Akiona wanaanza kugeuka, haraka anabadili wimbo, anatupa mzaha, au anatoa chatu. Wengine watakwambia siri ni samba, dawa ya kuvuta watu. Sibishani na dawa, ila dawa haimfundishi mtu kudaka jembe.

Maana katika ngoma ya bugobogobo jembe ndilo linalocheza. Mstari mzima unainua kwa pamoja, jembe linazungushwa, linarushwa juu, na mpini unarudi kiganjani wakati mchezaji anawatazama watu, si chuma. Ukichelewa kidogo tu, kisigino cha jirani yako kipo hapo chini. Mabega hayo hayakufunzwa jukwaani. Ngoma hii ilitoka kwenye vikundi vya kulima, ambako ngoma na wimbo vilipanga mwendo wa majembe mpaka shamba likaisha, na mpaka leo mchezaji mzuri utamjua kwa jinsi anavyoinama: kama mtu mwenye ekari mbele yake.

Majirani wenye ngoma moja wapo kwingine pia: kule Kaukasi, Waarmenia na Waazabajani wanacheza ngoma ya kochari, bega kwa bega. UNESCO iliiorodhesha kwa jina la Armenia mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikaorodhesha yalli ya Nakhchivan, Azabajani, ambayo kochari imo ndani yake. Ngoma ya majirani, hati mbili. Mgika angeshangaa: yeye asipomkuta Mgalu uwanjani, atamshinda nani?

Padri David Clement wa Bujora, alipoiingiza ngoma ya Wasukuma katika sherehe ya kanisa ya Bulabo, hakuufuta ushindani wa Wagika na Wagalu. Sisi ndio tunaoufuta, tunapowapanga wachezaji kwenye foleni ya kumpokea mgeni rasmi na kumpa kila mmoja dakika tano za kipaza sauti. Waandaaji wa sherehe za Simiyu, zimeni kipaza sauti. Wapeni Wagika upande mmoja wa uwanja na Wagalu upande wa pili, muwaachie mchana mzima, na mgeni rasmi naye achague pa kusimama.