Dai Inayobana Kidogo

Mpe fundi mkereza-vyuma maganda matatu ya risasi zilizofyatuliwa katika bunduki moja, nawe umempa ramani ya chemba ya bunduki hiyo, yaani chumba ambamo risasi hukaa. Baruti inapowaka, ganda la shaba hutanuka hadi likagusa kuta za chemba pande zote, kisha hunywea kidogo tu na kutoka na umbo la mahali lilipokuwa. Kwa kupima maganda hayo, fundi aliye katika karakana ya nyumbani kwake huko Marekani huunda dai: kipande kinene cha chuma cha pua chenye tundu linalolirudisha ganda katika kipimo chake, ili lipate fataki mpya, baruti na kichwa, lipigwe tena.

Dai za kiwandani zipo, na wengi zinawatosha. Ila kiwanda hakiijui bunduki yako. Kinachojua ni kwamba ganda litakalotoka humo lazima liingie katika kila bunduki ya aina hiyo, yenye chemba pana na yenye chemba finyu, basi hulibana kupita haja. Na shaba ya maganda, iliyo asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, hukakamaa kila inapofinywa. Ganda linalotanuka sana na kubanwa sana halichelewi kupasuka shingo au kukatika karibu na kitako. Fundi wa nyumbani anataka dai itakayolirudisha nyuma bega la ganda, pale linapopungua kuelekea shingoni, kwa elfu moja au mbili za inchi, asizidishe hapo. Elfu moja ya inchi ni kama theluthi ya unene wa unywele. Hicho ndicho ninachokisifu: ustadi wote huo unatumika ili chombo kifanye kazi ndogo iwezekanavyo.

Kwa nje hakuna siri. Hesi ni ile ile ya wote, kipenyo cha inchi 7/8, nyuzi 14 kwa kila inchi, ili dai iingie katika presi ya mtu yeyote, mashine inayolisukuma ganda ndani ya dai. Kazi iko ndani. Tundu hutobolewa kwa kekee, likapanuliwa polepole kwenye mashine ya kukerezea, na mwishoni hupitishwa rima, chombo chenye makali ubavuni kilichonolewa kwa umbo la ganda lenyewe. Hapa mwenye pupa huumbuka. Rima huingizwa kidogo, ikatolewa, ikafutwa, ikapakwa mafuta, ikarudishwa. Chembe moja ya chuma ikisahaulika humo huchora mstari, na mstari huo utajichapa kwenye kila ganda litakalopita. Zaidi ya hayo, tundu unaweza kulipanua, huwezi kulirudisha.

Kisha moto. Chuma kinachozimwa kwa mafuta hupashwa hadi kiwe chekundu na kupita kidogo pale ambapo sumaku haikishiki tena, karibu nyuzi 800 za Selsiasi, kikatumbukizwa. Hapo kimekuwa kigumu lakini kinavunjika upesi, kwa hiyo hupashwa tena kwa nyuzi 200 hivi, mara nyingi katika oveni ile ile ya mikate, jambo ambalo si kila mke au mume hulipokea kwa furaha. Moto nao hubadilisha kipimo, ndiyo maana fundi huacha akiba ndogo ya kuiondoa baadaye kwa msasa laini na mafuta. Wengine hutoboa pia kitundu chembamba ubavuni, usawa wa bega, ili hewa na mafuta yapate pa kutokea. Yakikwama, hulibonyeza ganda na kuliachia kibonyeo.

Ufundi huu ulikuzwa na watu waliotaka risasi ambazo hakuna kiwanda kilichoziuza. P. O. Ackley, fundi bunduki aliyefundisha kazi hiyo katika chuo cha Trinidad, Colorado, aliyanyoosha maganda ya zamani na kuyapa bega kali la digrii 40. Aliyetaka kuzifuata risasi zake alihitaji dai zake. Fred Huntington alianzisha RCBS mwaka 1943 huko Oroville, California, na herufi hizo zimebeba jina la dai yake ya kufinyangia vichwa vya risasi za kuwindia wanyama wadogo. Katikati ya miaka ya 1970 daktari mpasuaji, Louis Palmisano, na fundi wa vyombo, Ferris Pindell, walitoa risasi ya PPC, ikatawala mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani. Sina mapenzi makubwa na bunduki. Lakini shabaha ya mchezo huo ni karatasi, na risasi tano zikipita karibu tundu moja katika yadi 100, naona kazi ya aliyekereza kabla ya kazi ya aliyelenga.

Ajabu ni kwamba mtutu ndio hufa kwanza. Joto la baruti huula, ukabadilishwa, na mtutu mpya ukichongwa chemba kwa rima nyingine, dai nzuri huweza kugeuka mgeni nyumbani kwake. Ndiyo sababu washindani huagiza rima mbili kwa mnoaji mmoja, moja ya chemba na nyingine ndogo kidogo ya dai. Rima hizo wanazimiliki wenyewe, wakampelekea fundi kila mtutu unapobadilishwa, na kazi ikiisha hudai zirudishwe.